Leo Chumvi Inakaa Mtoni

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, ila sijazoea kuanza maneno na wewe bila salamu, na sitaanza utovu huo wa adabu leo kwa sababu tu umelala chini ya udongo. Mwanao Selemani mzima. Mjukuu wako Asha mzima, amenipita urefu na bado anaendelea. Mimi nipo, nakula, nalala, Alhamdulillahi.

Barua hii siifungi. Nitaiacha juu ya kabati la vyombo, asome atakaye, Selemani akiwemo, maana humu ndani mna jambo nililomdanganya na sina uso wa kumwambia mdomo kwa mdomo.

Aliyenisukuma kuandika ni shoga yako Bi Somoe, jirani yetu yuleyule, mlango wake bado unatazamana na wetu. Anaumwa. Miguu imejaa maji, hatoki nje ila kwa kushikwa. Juzi nilimpelekea uji, akanikamata kiganja. "Mke wa Selemani, mimi safari yangu imeiva. Nikifika huko nimwambie nini mkweo?" Nikamwambia aache kujichuria, atapona. Akacheka kidogo. "Kupona nitapona, lakini wewe nipe habari za kupeleka." Unamjua mwenzio. Habari hailali mdomoni mwake, na ikitoka hapo haitoki kama ilivyoingia. Nikaona bora jambo hili ulisikie kwangu kwanza.

Mbegu ya Subiri imekwisha, Mama. Ule mpunga wako mwekundu, ulioachiwa na mama yako naye akaachiwa na mama yake, haupo tena. Mtungi umebaki na jivu chini. Nimeumaliza mimi kwa mkono wangu, na sikuumaliza shambani.

Usinikasirikie kwanza. Kaa, nikurudishe tulikotoka.

Unakumbuka nilivyokuja? Binti wa Kilangala, wa mikorosho na mihogo, sijawahi kukanyaga tope lililozidi la mvua ya uani. Kwetu sisi Wamwera mwanamume ndiye hufuata kwa mke, basi mama yangu alinuna wiki nzima. "Unaenda kuolewa matopeni," aliniambia, "usije ukarudi hapa unanuka kaa." Tukashuka Nangurukuru na begi langu moja, Selemani akalibeba begani, tukaja mpaka mtoni, tukavuka kwa mtumbwi. Nikaona mikoko imesimama na mizizi nje, kama watu waliopandisha nguo wavuke maji. Nikamuuliza Selemani shamba lenu liko wapi. Akaonyesha maji. "Si hilo hapo." Nilijua ananitania, nikacheka kwa adabu, kwa kuwa bado tulikuwa wageni.

Siku ya tatu ndipo nilipopika mara ya kwanza katika jiko lako. Nilitaka uone kwamba mwanao hakuokota mke njiani. Samaki chaa wabichi, tui zito la nazi, nyanya, ndimu, chumvi ya kutosha. Ulichovya kidole, ukalamba, ukanitazama.

"Umetia chumvi?"

"Nimetia, Mama."

Ukainuka, ukakichukua chungu kizima kikiwa cha moto, ukavuka uwanja ukampelekea Bi Somoe. Ukarudi ukachemsha mihogo, bila chumvi, bila kitu, chapwa kama mate, ukatuwekea. Na Selemani akala, hata hakunitetea. Nilikwenda kulia nyuma ya choo. Nikasema huyu mama ananifukuza kwa adabu, kesho naondoka, mihogo ya kwetu angalau ina chumvi.

Aliyenikuta huko ni Bi Somoe, anarudisha chungu kilicholambwa mpaka masizi. "Mchuzi mtamu, bibi harusi. Mimi chumvi nakula, si mimi ninayeonja. Kila bamvua nipikie hivihivi." Sikumwelewa. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, nilikuwa silijui hata jina. Ukaja wewe nyuma yake, ukanikuta na machozi na kamasi, hukunibembeleza. Ulisema tu, "Leo chumvi inakaa mtoni. Haiingii nyumba hii. Kesho nakwenda kuiuliza kama imeondoka."

Kesho yake ulinichukua. Hapo ndipo nilipojua nimeolewa wapi.

Sisi tuko mdomoni mwa Matandu, mahali mto unapogawanyika kuwa mikono kabla ya kufika baharini, na kila mkono una watu wake. Wakati wa kiangazi bahari hupanda mpaka ndani, maji yote chumvi, na huo ndio wakati wa kutanda uduvi, wa kaa, wa wanaume kutega kamba. Mvua zikikolea bara, mto hujaa, husukuma bahari irudi, na maji yanayoingia majarubani kila maji yakijaa huwa baridi, matamu. Hapo ndipo mpunga hupandwa. Wiki chache tu. Ukiwahi, chumvi inaua miche. Ukichelewa, mto unapungua kabla suke halijakomaa. Lazima mtu aseme ni lini, na mtu huyo hana chombo kingine isipokuwa ulimi wake.

Ndiyo sababu ya mihogo chapwa. Aliyekula chumvi usiku haonji chumvi asubuhi. Nyumba nzima hula chapwa, kwa sababu, ulisema, mmoja akila kitamu na wengine chapwa, huyo mmoja atanuka ugomvi.

Ulisukutua kwa maji ya kisima mara tatu. Tulikuwa tumeswali alfajiri, maji yamejaa mpaka usawa wa tuta la mwisho. Uliingia hadi magotini, ukateka kwa kiganja, ukayazungusha mdomoni ukitazama mbali, ukatema. Ukateka tena. Nikasubiri useme. Hukusema kitu mpaka tuliporudi, na huko nikakuta wanawake wa mkono wetu wote wamesimama milangoni, wengine na mswaki mdomoni, wanakutazama. Ukasema neno moja tu. "Bado." Wakaingia ndani, kila mtu na shughuli zake.

Bamvua lililofuata ulisema, "Tayari." Kabla jua halijapanda, kila kitalu kilikuwa kinang'olewa miche. Sijapata kuona neno moja likiinua watu namna ile, labda la muadhini.

Ulinifundisha miaka sita. Nilifundishika vibaya, nakubali. Nilianguka matopeni mpaka watoto wakanipa jina. Nililala nanyi kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, kuamia ndege, na usingizi wangu wa bara ukawa unawafaidisha ndege. "Wewe," uliniambia, "hata kiboko akipita atakufunika shuka." Lakini ulimi wangu ulikuwa mzuri. Hilo ulilisema mwenyewe, tena mbele za watu, na mimi nikalihifadhi kama kidani. Nadhani ndicho kilichoniponza.

Mwaka ule uliposhikwa na miguu ulinituma mimi. Siku ya bamvua ikanikuta Kilangala, kwenye arobaini ya mjomba. Nikarudi siku tano baadaye, nina wasiwasi kwamba watu wote wananingoja, tena nina kiherehere cha kutaka kulisema lile neno. Sikukuuliza. Nilikula chapwa, nikasukutua, nikaenda mtoni maji yakiwa yamejaa, nikaonja. Matamu, Mama. Matamu kama ya kisima. Nikarudi nikasimama katikati ya uwanja nikasema, "Tayari."

Mtoto yeyote wa hapa angejua. Bamvua hujaa alfajiri. Mimi nilionja jua liko juu ya minazi. Yalikuwa maji mafu, bahari imelala, haina nguvu ya kufika juu, basi ulimi unaonja mto peke yake. Ukiuliza chumvi wakati mwenyewe hayupo, nani atakujibu? Mimi hesabu ya mwezi nilikuwa naijua kwa kichwa, mwili ulikuwa bado wa bara. Watu walinisikiliza kwa kuwa nilikuwa ulimi wako. Walipanda siku tatu mfululizo, wanaimba. Mwezi ulipoandama, bahari ikaingia mpaka kwenye vitalu. Baada ya siku nne miche yote ya mkono wetu ilikuwa myekundu.

Nilijifungia ndani. Nje nilisikia wanawake wamekuja, sauti zao si za kawaida. Nikasikia unatoka, unaburuta mguu. Nikasubiri unitoe. Ukasema, "Mimi ndiye niliyemwambia ayaonje siku ile. Uzee umenichanganya siku. Mkitaka kusema, semeni na mimi." Nani angekusema wewe? Bi Somoe peke yake alikutazama, akakohoa kile kikohozi chake, akaondoka na wenzake. Alijua. Hakusema kwa mtu mpaka leo, na kwa Bi Somoe hilo ni sawa na kuhiji kwa miguu.

Ulipoingia nilikuwa sakafuni. Nilidhani sasa ndiyo utanipiga. Ulikwenda kwenye mtungi, ukaukwangua udongo wa mdomoni, ukaingiza mkono kwenye jivu, ukatoa mpunga. "Mbegu haipandwi yote," ulisema. "Na mbegu hailiwi. Hata mtoto alie na njaa, mpe majani ya kunde, mpe maji, mbegu usimpe." Ukawagawia wote walioharibikiwa, konzi kwa konzi, tukapanda tena kwa bamvua la haki. Mwaka ule tulivuna kidogo, ila mtungi ulijaa. Maji yakimwagika hayazoleki, husema watu, lakini wewe uliyazoa, na mimi ndiye niliyekuwa nimeyamwaga.

Nimekuwa nikitaka kukwambia asante kwa siku hiyo. Ulipokuwa hai nilikuwa nalikwepa neno hilo, naona aibu kulianza. Basi asante.

Uliondoka baada ya mavuno mazuri, kitandani kwako, Selemani kichwani na mimi miguuni. Uliuliza maji yamefika wapi. Nikakwambia yamefika tuta la pili. Ukasema, "Vizuri." Wiki moja kabla wewe ulikuwa umenipa mtungi, na hukunipa hotuba, ulinisukumia tu kwa mguu wako mzima.

Sasa sikiliza yaliyofuata, maana hukuyaona.

Ilikuja mvua ambayo wazee wenyewe waliacha kuifananisha na nyingine. Mto ulipanda ukachukua mbuzi, ukachukua madungu, ukachukua choo chetu. Tulikaa kilimani kwenye ufuta wa watu siku tisa. Hilo tungelivumilia, mafuriko tunayajua, huleta rutuba. Tuliporudi tukakuta mto hauko. Umekata kingo huko juu, umejitengenezea njia nyingine upande wa kaskazini, na mkono wetu umeachiwa mchirizi ambao bata anavuka bila kulowa tumbo. Nilisimama pale ulipokuwa unasimama. Nikaonja. Chumvi. Nikasema bado. Bamvua lililofuata, bado. Mvua zote zile zikapita nasema bado, wanawake wanaingia ndani, na kila mara wanaosimama milangoni wanapungua.

Mwaka wa pili nilipanda hata hivyo. Niliona maji yamelainika kidogo, nikajidanganya. Nilipanda nusu ya mtungi, kwa sababu mbegu haipandwi yote, hilo nililishika. Ikawa nyekundu ndani ya wiki. Safari hii sikuwa nimekosea siku, Mama. Ilikuwa bamvua, alfajiri, tumbo chapwa, nimesukutua mara tatu. Nilifanya kila kitu kama ulivyonifundisha, na haikusaidia kitu. Afadhali lile kosa la kwanza, kwa sababu kosa angalau huwa na mwenyewe.

Nilihangaika na iliyobaki, usifikiri nilikaa. Nilipeleka bakuli kwa kaka yangu Kilangala, akaipanda bondeni kwake nyuma ya mikorosho. Iliota, ikafika gotini, ikakauka. Subiri inataka kusimama majini miezi mitano, na kule maji ni ya kunywa watu. Nilimpa bwana shamba mmoja konzi katika mfuko wa nailoni, kijana mwenye heshima, akaandika jina langu kwenye daftari, akasema ataulizia mahali pa kuihifadhi. Akahamishwa. Nilikwenda mkono wa kaskazini kule mto ulikohamia, nikakuta nao wanalia, maji yamewazidi, nyumba zinaondoka. Sisi tunalilia mto na wao wanaulilia uwaondokee. Nikarudi na mbegu yangu kichwani.

Na jarubani kwako kumeota mikoko. Imejiotea yenyewe, mistari kwa mistari, inafuata matuta yako kama imepandwa na mtu. Walikuja wageni wenye fulana zinazofanana, wakaiona, wakafurahi sana. Wakanipiga picha nimesimama katikati yake. Mmoja akaniambia, "Mama, hongera, msitu unarudi." Nikasema ahsante. Walikuwa watu wema na wana haki yao, mikoko ni kinga, kamba wanazaliwa humo, hata mimi nayajua hayo. Lakini kuikata hairuhusiwi, na lile ni shamba langu. Sasa nikipita naomba radhi kuingia kwenye jaruba nililolimiliki.

Mwanao anafanya kazi mashamba ya chumvi. Hilo nilikuwa nalizunguka tangu nianze barua. Selemani, mtoto wa nyumba isiyoingiza chumvi siku ya bamvua, anaichota kwa koleo tangu asubuhi mpaka alasiri. Anarudi na chumvi kwenye nyufa za miguu, kwenye kope, kwenye mfuko wa shati. Ndiyo inayotulisha, siidharau. Ila imeingia kila kitu. Mto wa kulalia una chumvi. Nikilamba midomo asubuhi, chumvi. Ule ulimi uliousifia mbele za watu umekufa ganzi, nikionja mchuzi Asha ndiye huniambia umezidi.

Sasa tufike kwenye mtungi.

Mwaka huu mbegu ilikuwa inaingia mwaka wa tatu kwenye jivu. Unajua mpunga hausubiri hivyo, hata ukiitwa Subiri. Nilichukua punje ishirini, nikazifunga kwenye kitambaa kibichi, nikaziweka karibu na jiko, kama ulivyonionyesha. Selemani aliniuliza baada ya siku tano. Nikamwambia zimeoza zote. Aliinamisha kichwa, akasema, "Basi ni amri ya Mungu," akaenda kunawa miguu.

Haikuwa kweli. Zilioza kumi na saba. Tatu zilikuwa zimetoa vijino vyeupe.

Hilo ndilo nililomdanganya mwanao, na ndilo ninalokuambia wewe. Mtungi ulikuwa hai, Mama. Si wote, lakini hai. Nilizishika zile tatu kiganjani, nikaenda uwanjani, nikageuka huku nikageuka huku. Nizipande wapi? Kwenye ndoo? Nilifikiria ndoo. Ndoo moja ya maji ya kisima, masuke matatu, ningepata konzi moja ya mbegu, niiweke kwenye jivu, mwakani ndoo tena, na mwaka unaofuata, na mimi nimekuwa mwanamke wa kulea ndoo, na mto hauji. Nikizeeka nimkabidhi Asha ndoo? Asha anataka kusomea unesi, na mimi namwombea apate. Nilikaa chini nikashindwa. Sina neno jingine. Nilishindwa tu.

Kesho yake ilikuwa siku ya kuamkia bamvua, la mwezi ule ambao ungekuwa wa kupanda. Nilitoa mpunga wote kwenye mtungi, nikaupepeta jivu, nikautia kwenye kinu.

Hapa hakuna aliyetwanga mpunga miaka mitatu. Tunanunua mchele dukani, au tunakula makopa ya mihogo. Basi kinu kililia uwanjani, na Bi Somoe akaita kutoka kitandani kwake, dirisha liko wazi.

"Unatwanga nini?"

"Makopa, Bi Somoe."

"Makopa hayalii hivyo," akasema. Hakuuliza tena.

Niliupika kwa tui. Sikutia chumvi. Sikukusudia hata kidogo kufanya jambo la maana, mkono tu ulikwenda kwenye kopo la chumvi ukasimama, kwa sababu ilikuwa siku ya kuamkia bamvua. Harufu yake unaijua. Ilijaa nyumba, ikatoka nje. Selemani alipofika mlangoni alisimama na koleo lake mkononi, akawa kama mtu aliyesikia anaitwa. Alinawa, akakaa mkekani.

Nilimpelekea Bi Somoe sahani yake, kisha tukala sisi watatu. Asha akatia tonge mdomoni, akakunja uso, akanyoosha mkono kwenye kopo la chumvi. Selemani akamshika kiganja, taratibu, akakirudisha.

"Baba, chakula chapwa hiki."

"Ndivyo kinavyoliwa," Selemani akasema. "Leo chumvi inakaa mtoni."

Tukala mbegu yote mpaka ukoko. Ilikuwa tamu, Mama, na hilo ndilo lililoniliza. Ningefarijika kama ingekuwa imevunda.

Alfajiri niliamka, nikaswali, nikasukutua kwa maji ya kisima mara tatu. Sijui nilikuwa nakwenda kufanya nini. Mbegu sina. Nilikwenda kwa kuwa ulimi wangu, kwa mara ya kwanza tangu Selemani aanze kazi ile, ulikuwa safi. Nilipita katikati ya mikoko yetu, nikaingia mpaka magotini, maji yamejaa. Nikateka, nikayazungusha, nikatema. Nikateka tena. Ulimi haujafa, nilikuwa nausingizia. Ulionja vizuri sana. Chumvi tupu.

Niliporudi hapakuwa na mtu mlangoni kwake. Wengi wamekwisha kuhama, wengine wamelala, hawana la kungoja. Ila mlango wa Bi Somoe ulikuwa wazi, na yeye amekaa kizingitini, sijui amejiburuta vipi na miguu ile. Sahani yangu iko pembeni yake, nyeupe, imesafishwa. Amejitanda kanga yake vizuri, ananitazama kama alivyokuwa akikutazama wewe.

"Vipi?" akaniuliza.

Alikisikia kinu. Alikula mbegu kwa mkono wake. Anajua kuliko mimi. Nikasimama mbele yake na miguu imejaa tope.

"Bado," nikasema.

"Haya," akasema, akatikisa kichwa. "Basi tungoje." Akaniomba nimsaidie kuingia ndani.

Hizo ndizo habari atakazokuletea, Mama. Atakuambia bado. Nakusihi, usimbishie. Mpokee, mwandalie mahali pazuri karibu yako, na ukiwa na chumvi huko mtilie kwenye mchuzi wake, yeye hakuwa muonjaji. Mimi nisamehe kwa mtungi. Kama kuna mwingine wa kunisamehe, ni Selemani, naye atakuwa ameisoma barua hii akifika hapa.

Bamvua lijalo ni baada ya siku kumi. Najijua, nitakwenda.

Mkamwana wako,
mama Asha